Makapi ya Mto Liyumbu

Kila siku, kabla jua halijapanda juu ya msitu, Sada na bibi yake walishuka kwenda chemchemi ya Nahanga kuteka maji. Sada alitangulia na ndoo kubwa. Bibi Kijakazi alifuata nyuma na dumu dogo, akishika miti ya njiani kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua.

"Mke mwenzangu, punguza mwendo," bibi alimwambia asubuhi moja. "Unataka ufike kwanza ili mume wetu akuone wewe ndiye mchapakazi."

"Mume wetu alifariki kabla sijazaliwa, bibi."

"Ndiyo maana anakusifu. Hajawahi kuonja ugali wako."

Sada alicheka mpaka ndoo ikayumba kichwani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu alipoanza kutembea hakukumbuka asubuhi hata moja ambayo bibi hakumtania.

Kitongoji chao cha Nambinda kiko chini ya milima ya Umatumbi, wilayani Kilwa. Juu ya kitongoji kuna ukingo wa mlima wenye msitu mzito, na ng'ambo ya ukingo huo ndiko kilipo kijiji cha Mkarango, chenye shule, zahanati na ofisi. Mto Liyumbu huanzia huko juu msituni. Hauna makuu. Mtu mzima anauvuka bila kulowesha magoti. Unapita pembeni mwa Mkarango, unazunguka mashamba ya mpunga, kisha unafika kwenye ukuta wa mwamba wenye tundu kubwa lenye giza. Hapo mto wote unaingia ardhini na hauonekani tena. Watu huliita tundu hilo Mdomo.

Mwalimu Sipriani, aliyefundisha jiografia darasa la sita, hakuwa mwenyeji. Alitoka Mtama, na jambo la kwanza alilotaka kuona alipofika ni huo Mdomo. Aliwaambia wanafunzi wachore ramani ya Mto Liyumbu kuanzia chanzo mpaka mwisho. Ramani zote arobaini na moja ziliishia kwenye mwamba.

"Mto haukati tamaa katikati ya safari," mwalimu alisema. "Milima hii ni ya mawe ya chokaa. Maji huyala mawe haya kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka yanapata njia chini kwa chini. Maji yaliyoingia Mdomoni yanatokea mahali fulani. Wapi?"

Wanafunzi waliinamia ramani zao.

"Nami sijui. Kwa hiyo tutauuliza mto wenyewe."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa moja asubuhi, yeye atamwaga magunia mawili ya makapi ya mpunga ndani ya Mdomo. Chini ya mlima kuna chemchemi tatu. Kila chemchemi itakuwa na mwanafunzi mmoja wa kuangalia maji mpaka saa kumi na mbili jioni, na kila saa ataandika kwenye daftari ameona nini. Makapi yakielea kwenye chemchemi fulani, njia ya mto imejulikana. Jonas alipewa chemchemi ya mbali zaidi. Maimuna, rafiki wa Sada, alipewa ya Kitonga. Sada akapewa Nahanga, kwa kuwa ilikuwa mlangoni kwao.

"Msimwambie mtu yeyote mnangoja nini," mwalimu aliwaonya. "Mtu akiambiwa aone makapi, atayaona hata yasipokuwepo."

Jumamosi hiyo Sada alikaa juu ya jiwe, saa ya mama yake ikiwa mkononi na daftari mapajani. Saa mbili aliandika: Hakuna. Saa tatu: Hakuna. Maji yalitoka chini ya mwamba yakiwa meupe na baridi, yakazunguka mara moja kwenye kidimbwi, kisha yakateremka bondeni. Saa sita alikula viazi alivyobeba. Saa saba: Hakuna.

Kisha ngoma zikaanza kulia Nambinda.

Sada alijua zililia kwa ajili ya nani. Dada yake Saida, binti wa mama mkubwa, alikuwa ndani mwezi mzima akifundwa na makungwi, na siku hiyo anatolewa. Wasichana wote wa kitongoji walikuwa huko. Alikisikia kiitikio cha wimbo kikimfikia pale jiweni:

*Mwali atoke tumwone,*
*jua limemngojea.*

Sada aliyatazama maji. Aliitazama saa. Yalikuwa hayajaleta kitu tangu asubuhi, sasa yataleta nini? Alilifunga daftari, akalificha chini ya jani la mgomba, akakimbia.

Alimwona Saida akitoka chini ya kanga, mwili uking'aa mafuta, macho chini, vigelegele vikimmiminikia. Alicheza mpaka miguu ikajaa vumbi. Aliporudi Nahanga ilikuwa saa kumi na moja. Maji yalikuwa safi kama alivyoyaacha. Akachukua kalamu na kuandika kwa mwandiko mzuri, bila kukata wala kufuta:

Saa nane: Hakuna.
Saa tisa: Hakuna.
Saa kumi: Hakuna.

Jioni ile bibi alikuwa akichota maji mtungini. Alisimama na kata mkononi.

"Sada, nani kapepeta mpunga kisimani leo? Nimeteka maji saa tisa ya kumpikia mwali, watu wote wako ngomani, sijaona mtu. Sasa ona makapi haya. Watu wa siku hizi hawana adabu hata kwa maji."

Ndani ya kata yalielea makapi saba au manane. Sada aliipokea, akayamwaga nje mlangoni.

"Labda upepo, bibi."

"Upepo," bibi alisema. "Na upepo nao umekosa adabu."

Jumatatu mwalimu aliyasoma madaftari matatu mbele ya darasa. Jonas hakuona kitu. Maimuna hakuona kitu. Tena aliandika kwamba saa nane na robo alisinzia kidogo, na darasa likamcheka. Mwalimu alipofika kwenye daftari la Sada, alilinyanyua juu.

"Hakuna saa iliyorukwa. Mwandiko safi. Hivi ndivyo kazi inavyofanywa."

Maimuna alimpiga Sada kiwiko. "Wewe huna hata usingizi? Umezaliwa na bundi?"

Wenzake wakacheka. Sada naye alicheka. Kama mwalimu asingemsifu, labda angenyanyua mkono. Lakini sifa ile ilikuwa tamu, na baada ya kuimeza hakujua namna ya kuitapika.

Mwezi wa kumi kijiji kiliitisha mkutano mkuu. Mkarango ilihitaji machinjio, na mwenyekiti, mzee Sadick, alitaka yajengwe karibu na Mdomo. Maji yapo pale pale, alisema, na uchafu utamezwa na tundu, hautamnukia mtu.

Mama yake Sada, Hafsa, alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Mwenyekiti, shikamoo. Na sisi tulioko chini? Uchafu huo ukitutokea kisimani?"

"Marahaba, Mama Sada," alisema mwenyekiti, na akatabasamu. Alikuwa amejiandaa. Mkononi alikuwa na daftari lililoazimwa shuleni. "Watoto wetu wameshalifanyia kazi jambo hili. Mwandishi wa Nahanga ni huyu: Sada. Si mwanao huyu? Amekaa kutwa nzima pale, saa kwa saa, na hakuna hata punje iliyotokea. Sasa mama unampinga mwanao?"

Watu walicheka. Mwalimu Sipriani alisimama akasema kwamba siku moja ya kuangalia haitoshi, kwamba ingefaa kurudia wakati wa masika. Mtu mmoja akasema mwalimu anaogopa nyama. Wakacheka tena, na mwalimu akakaa chini. Mama naye akakaa. Kabla ya kukaa alimtafuta Sada kwa macho katikati ya wanafunzi, akampa ishara ya kichwa kwa fahari, kana kwamba kushindwa na mwanawe si kushindwa.

Sada alitazama vidole vyake vya miguu. Mkono wake haukunyanyuka.

Bibi hakwenda kwenye mkutano kwa sababu ya magoti. Lakini habari zilishuka mlimani, na usiku haukupita kabla hajauliza.

"Mke mwenzangu, nasikia mlikuwa mnangoja makapi kisimani. Yale niliyoyachota siku ile..."

"Yalikuwa ya gunia letu, bibi. Yalidondokea mtungini."

 Bibi alifunga ncha ya kanga yake.

"Haya. Wewe ndiye unayejua kusoma na kuandika."

Machinjio yalijengwa. Kila Ijumaa na kila sikukuu damu, samadi na matumbo vilisukumwa Mdomoni, na Mdomo ukameza bila kulalamika. Wenye wanyama waliokufa kwa maradhi nao wakapata pa kuwatupa. Kisha mvua zikaja. Mto Liyumbu ulijaa, ukavuta chini kila kitu kilichokuwa kimerundikana ndani ya mwamba.

Mwezi wa tatu ugonjwa wa kuhara na kutapika uliingia Nambinda. Uliingia nyumba hii, ukaruka ile, ukarudi. Bwana afya alifika na pikipiki, akapima maji ya Nahanga, akasema ni machafu na watu wachemshe. Lakini uchafu ulitoka wapi, hakujua. Akaangalia vyoo vya Nambinda, akasema vimechimbwa vibaya. Huko Mkarango watu walianza kusema kwamba wanawake wa Nambinda hawajui usafi. Wanawake hao walibebeshwa aibu ambayo haikuwa yao, nao wakaibeba, wakachimba vyoo vipya kwenye matope huku wakiuguza.

Bibi Kijakazi aliugua Jumatano. Alikunywa maji ya chumvi na sukari kila alipopewa, na kila alipopewa yalirudi. Kuni zote zilikuwa zimelowa, na mara nyingine maji yalinywewa kabla hayajachemka vizuri. Alhamisi walimbeba kwa machela kumpandisha zahanati. Njia ilikuwa utelezi. Sada alitembea pembeni akimshika mkono, na mkono ulikuwa mkavu na mwepesi kama ganda la hindi.

"Mke mwenzangu," bibi alinong'ona, "usitangulie."

"Sitangulii, bibi. Nipo hapa."

 Bibi alifariki zahanati Ijumaa asubuhi, wakati wengine wanaoga kwa ajili ya swala. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala Maimuna, sindano ya maji mkononi, macho yameingia ndani. Alimtazama Sada, na machozi yakateleza mpaka sikioni.

Siku ya hitima wanawake walikaa ukumbini wakitayarisha mchele. Mama alikuwa na ungo. Aliurusha mchele juu, akaupokea, akaurusha, na makapi yakaruka kwa upepo yakaangukia mkeka, nguo na miguu ya watu. Machache yalitua kwenye bakuli la maji lililokuwa mbele ya Sada, yakaelea. Yalikuwa saba au manane.

Sada alitoa sauti ambayo wanawake wote waliisikia. Walidhani ni kilio cha kumlilia bibi. Mama aliweka ungo chini, akamvuta chumbani.

"Sada. Una nini?"

"Yalitokea, mama."

"Nini kilitokea?"

"Makapi. Nahanga. Bibi aliyachota. Mimi sikuwepo, nilikwenda kumwona Saida akitolewa, nikaandika hakuna. Bibi akayaona mtungini nikamwambia ni ya gunia letu."

Mama hakumpiga. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani kwa bibi, akakusanya ukingo wa shuka mkononi, akauachia, akaukusanya tena. Nje mwanamke mmoja aliuliza chumvi iko wapi.

"Na mkutanoni nilikutazama," mama alisema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Nenda kwa mwalimu wako. Nenda sasa hivi, watu bado wanakunywa maji yale. Mimi leo sina la kukuambia." Akarudi ukumbini, akachukua ungo. Sada alipopita mlangoni aliuona mchele ukimwagika pembeni.

Alipanda mlima peke yake. Njiani alijiambia mara nyingi kwamba angeweza kugeuka, kwamba bibi hatarudi hata akisema. Lakini Maimuna alikuwa bado amelala pale zahanati, na maji ya Nahanga yalikuwa bado yanatoka.

Mwalimu Sipriani alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake. Sada alipomaliza, mwalimu aliingia ndani, akarudi na koti la mvua.

"Tukamwone mwenyekiti," alisema.

Mzee Sadick hakupenda alichosikia. "Mtoto amefiwa, mwalimu. Anatafuta wa kumlaumu, amejipata mwenyewe. Daftari linasema hakuna."

"Daftari ni langu, mzee," Sada alisema.  "Niliongopa. Kama huamini, mwaga tena makapi, ukakae wewe pale."

Mwenyekiti aliinuka kana kwamba amemwagiwa maji. Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia hivyo. Lakini mwalimu alikuwa akimtazama, na mkewe pia, akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

Kesho yake makapi yalimwagwa saa moja asubuhi. Safari hii kila chemchemi iliwekewa watu watatu, na Nahanga walikuja nusu ya kitongoji. Mzee Sadick alikaa juu ya jiwe lile lile la Sada. Mto ulikuwa umejaa na maji yalikwenda mbio. Saa nne na dakika ishirini kapi moja lilitokea chini ya mwamba. Likazunguka kidimbwini. Likafuatwa na jingine, halafu kumi, halafu maji yote yakawa ya manjano.

Hakuna aliyeshangilia. Mama mmoja aliyekuwa amezika mtoto mwezi ule alikaa chini kwenye majani, akajifunika uso kwa kanga. Mzee Sadick alivua kofia yake. Alisimama mbele ya wanawake wa Nambinda.

"Nililitaka jibu lile," alisema. "Ndiyo maana sikuliuliza mara mbili. Nisameheni."

Machinjio yalifungwa siku ile ile, na baadaye yakajengwa upande mwingine, mbali na mto, na shimo lake la uchafu. Mdomo ulizungushiwa uzio wa miti. Bwana afya alirudi na dawa ya kutibu maji, na wiki kwa wiki vitanda vya zahanati vikawa vitupu. Maimuna alipona. Ilimchukua siku nyingi kuzungumza na Sada. Alipozungumza, alisema tu, "Mimi nilisinzia nikasema. Mlinicheka."  Sada alikaa karibu naye, na Maimuna hakusogea.

Baada ya arobaini ya bibi, mwalimu alimwita Sada darasani wenzake walipokwisha kutoka. Mezani kulikuwa na daftari la mwezi wa nane, na ramani ya Mto Liyumbu.

"Mwalimu, bibi amekufa kwa sababu yangu?"

Mwalimu Sipriani alivuta kiti, akakaa.

"Nikikuambia huna sehemu yoyote, nitakuwa nakudanganya, na uongo mmoja umeshatutosha. Una sehemu. Mwenyekiti ana sehemu kubwa, maana ni mtu mzima na alichagua kusikia alichokitaka. Mimi nina sehemu. Nilimweka mtu mmoja mahali palipohitaji watatu, na waliponicheka nikakaa. Kila mmoja wetu aubebe mzigo wake, asiubebe wa mwenzake."

Sada alilia. Mwalimu alimwacha alie.

"Sasa nisikilize," alisema baadaye. "Kwenda kumwona dada yako lilikuwa kosa dogo. Ungeandika kwamba hukuwepo, tungekaa pale siku nyingine na yangekwisha. Mtu anayesema 'sikuangalia' anatuachia mlango wazi, tutaingia kutafuta. Anayesema 'niliangalia, hakuna' wakati hakuangalia, anaufunga mlango, na walio ndani hawajui kuwa wamefungiwa. Jifunze kusema hujui, Sada. Jifunze kusema hukuwepo. Ukija kuwa mwalimu, au mganga, au mama, watu watayanywa maneno yako kama wanavyokunywa maji, bila kuuliza yametoka wapi."

Alimsogezea kalamu.

Sada alianza na ramani. Kutoka Mdomoni mpaka Nahanga alichora mstari wa nukta, kila nukta kwa uangalifu, chini ya msitu, chini ya mwamba, mpaka nyumbani kwao. Kisha akafungua daftari. Alilikata neno Hakuna mara tatu, kila mara kwa mstari mmoja, ili lililokatwa liendelee kusomeka, na pembeni akaandika:

Saa nane: Sikuwepo.
Saa tisa: Sikuwepo. Bibi Kijakazi aliyaona.
Saa kumi: Sikuwepo.